Mama wa Kengele ya Hinayan

Ukifika mjini Palang ukawauliza watu habari za Potenciana Lubay, watakwambia alikuwa mwanamke mkorofi aliyemaliza mchele wa serikali. Waache waseme. Watu wa Palang wanakaa mchangani, wananunua hata majani ya mboga, watajua nini? Sisi wa Hinayan, tunaooga katika mto uleule aliooga yeye, tunajua kwamba lau si Lubay leo tusingekuwa na pa kupaita kwetu.

Alizaliwa kabla padri yeyote hajapanda mto huu. Mama yake alikuwa mganga, mwenye kusema na mizimu, na alikuwa na upatu mkubwa wa shaba uliopigwa wagonjwa walipoombewa na mavuno yalipoingia. Lubay alichongwa meno yakatiwa weusi, kama ilivyompasa msichana wa watu wenye heshima, akafundishwa kufuma nguo kwa nyuzi za mgomba-mwitu. Alikuwa bado kigori Padri Anselmo alipokuja na maji yake ya ubatizo. Mama mtu alimkagua yule padri juu mpaka chini, akamwambia binti yake, "Maji hayajamdhuru mtu. Nenda kaoshwe." Akaenda Lubay, akarudi Potenciana. Jina jipya alilipenda kwa sababu lilikuwa refu na lilijaza kinywa, akawa analitumia siku za Jumapili na siku za ugomvi.

Ndivyo alivyokuwa maisha yake yote. Kipya hakukikataa na cha zamani hakukitupa. Rozari aliisali bila kukosea, na akipita msituni penye mizimu aliomba radhi kwanza. Padri alipopiga marufuku patu zote na kuzikusanya nyumba kwa nyumba, ule wa mama yake ulikuwa umefukiwa chini ya banda la nguruwe, naye alimtazama padri machoni akamwambia hana. Kisha akaenda kuungama dhambi nyingine.

Mume wake alipelekwa kukata magogo ya merikebu za Wahispania, homa ikammaliza hukohuko porini. Watoto hawakujaliwa. Lubay alibaki na mtambo wake wa kufumia, shamba kando ya mto alilorithi kwa mama yake, na ulimi usiomwogopa mtu.

Basi ikaja amri. Mkuu wa serikali pale Palang, Mhispania, alitangaza kwamba kila aliyebatizwa akae mahali anapoweza kuisikia kengele ya kanisa. Vijiji vya juu ya mto vishuke mjini, na nyumba itakayobaki baada ya mavuno itiwe moto. Hayakuwa maneno matupu. Lambog, majirani zetu, walikuwa wameshachomewa. Walipewa vipande vya mchanga nyuma ya kanisa, na mashamba yao yakawa malisho ya ng'ombe wa wakubwa.

Aliyeileta amri Hinayan ni Sumakil, binamu yake Lubay. Baba yake Sumakil alikuwa mtawala wetu kabla ya Wahispania. Yeye Wahispania walimfanya kabesa, maana yake anawakusanyia kodi na wao wanamruhusu kuvaa kofia. Aliwakusanya watu kwenye uwanja wa kupuria mpunga, akasimama na kofia yake juani.

"Tushuke tu, ndugu zangu," alisema. "Tutafanyaje? Mimi nimeshaahidiwa kiwanja kinachotazamana na kanisa."

"Wewe umeahidiwa," Lubay alimjibu. "Na sisi?"

"Nanyi mtapata pa kukaa."

"Pa kukaa tunapo, Kaka. Si ndo' hapa tumekaa?"

Vijana wakaanza kupiga kelele kwamba wao wanakwenda milimani, heri nguruwe-mwitu kuliko Wahispania. Lubay akawageukia na wao. "Milimani mtakula nini, hasira? Mvua ya kwanza tu mtarudi mnatetemeka, mkute majivu. Kaeni chini! Hebu Kaka Sumakil, irudie hiyo amri. Imesema tukae Palang?"

"Imesema mkae mnapoisikia kengele."

"Ya Palang?"

"Ya kanisa, bwana! Kwani ziko ngapi?"

"Basi tutafute ya kwetu."

Watu wakaangua kicheko. Sumakil alicheka kuliko wote, akamuuliza kama kengele anadhani zinafumwa. Lubay hakucheka. Asubuhi yake alifunga samaki wakavu na nguo moja nzuri, akapanda mtumbwi akateremka mjini.

Padri Anselmo alikuwa mtu mwembamba, aliyeungua na jua, mwenye miguu inayomuuma na vijiji vingi kuliko awezavyo kuvizungukia. Hasira yake ilikuwa ya asubuhi na huruma yake ya jioni, na Lubay kwa kujua hivyo alikaa kivulini mpaka jua lilipoinama ndipo akabisha hodi. Padri alimsikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa.

"Kengele haioti shambani, mwanangu. Shaba hatuna. Inatoka mbali, kwa merikebu."

"Shaba ipo, Padri."

"Ipo wapi?"

Hapo Lubay aligeuka kuona kama kuna anayesikiliza. Kusema kulikuwa kujitia kitanzi mwenyewe, maana wanawake walikwishachapwa viboko hadharani kwa upatu mdogo kuliko ule.

"Chini ya banda langu la nguruwe."

Padri alimkazia macho. "Uliniambia huna."

"Nilikuambia, Padri."

"Na hukuiungama dhambi hiyo?"

"Hiyo bado nilikuwa naitumia."

Padri alijaribu kukasirika. Alifumba macho, akashika msalaba wake, midomo ikamtetemeka, mwisho akashindwa, kicheko kikamtoka mpaka akapaliwa. Alipopata pumzi akasema upatu mmoja hautoshi kengele. Lakini aliahidi kwamba shaba ikipatikana, ataisimamia kengele hiyo mbele ya mkuu kwa jina lake mwenyewe, na Hinayan itabaki ilipo. "Nao upatu wako hautapotea," alimwambia. "Utazaliwa upya, kama wewe ulivyozaliwa."

Lubay akarudi akaufukua. Wanawake walipomwona ameuweka hadharani, umeoshwa, unang'aa, na yeye mwenyewe hajafungwa wala hajachapwa, wakatazamana. Kisha mmoja akaingia kwake akatoka na wake, uliokuwa chini ya mafiga. Mwingine akautoa kwenye ghala la mpunga, mwingine katikati ya makuti ya paa, na mzee mmoja, mtu wa kutumikia misa huyo, akauvua wake kutoka kwenye mtungi wa tembo. Padri alipopanda mto kuja kuona alichoahidiwa, alikuta patu zimejaa uwanja mzima. Akakaa chini palepale kwenye vumbi.

"Miaka yote hii nimehubiri hapa," alisema.

"Na tulisikiliza sana, Padri," Lubay akamwambia, kwa upole kabisa.

Akaletwa fundi Mchina kutoka mji wa Sugbu, akajenga tanuru ukingoni mwa mto. Patu zikapasuliwa kwa nyundo moja moja. Ilipofika zamu ya ule wa mama yake, Lubay aliomba aupige mara moja tu. Fundi akamtazama Padri. Padri akageukia mtoni akaanza kukohoa, akakohoa kwa bidii, mtu mwenye kifua kizima kabisa. Lubay akaupiga. Sauti ile wazee walikuwa hawajaisikia tangu ujana wao, na wengine walijifunika nyuso. Halafu nyundo ikashuka. Lubay alilia wazi, bila kujificha, na hakukubali mtu amshike mkono.

Kengele iliyotoka haikuwa nzuri. Mdomo wake ulikuwa mnene upande mmoja, na sauti yake ilikwaruza, sauti ya mtu aliyeamka na mafua. Hinayan nzima tuliiona haina mfano duniani.

Basi Padri akaja kuibatiza, kama desturi ya kanisa lao ilivyo, maana kengele nayo huoshwa kwa maji, hupakwa mafuta, hupewa jina. Na hapa lazima niseme jambo, kwa sababu Wahispania hawakulielewa mpaka lilipowakalia kooni. Zamani watu wawili wakitaka kuwa ndugu, walichanja mikono yao, wakatonesha damu kwenye tembo, wakanywa pamoja. Padri alikataza damu, akatuletea undugu wa ubatizo badala yake, nasi tukauchukua kwa mikono miwili, tukaweka ndani yake uzito wote wa ule wa kale. Kwetu mama wa ubatizo si mtu wa kusimama kanisani siku moja akaenda zake. Mtoto akiugua, anamuuguza. Mtoto akipelekwa kukaa nyumba nyingine, yeye na ukoo wanamsindikiza, na nyumba inayompokea mtoto inawapokea wote, inawalisha na kuwalaza, mpaka wenyewe waseme wameridhika. Hakuna anayewafukuza. Anayewafukuza, hata mbwa wake humwonea haya.

Padri akauliza nani atakuwa mama wa ubatizo. Hata kujibu hakukuhitajika, Lubay alikuwa ameshasogea mbele, amevaa nguo aliyoifuma kwa siku hiyo, kichwa juu. Kengele ikaitwa Maria Potenciana. Watu walileta mayai, mikeka, na mwanakondoo hatuna, basi nguruwe.

"Na baba yake nani?" bibi mmoja akauliza katikati ya sala.

Macho yote yakamwendea Padri. Padri akawa mwekundu mpaka masikioni. "Kengele haina baba!" akafoka.

"Masikini," bibi akasema. "Mtoto wa nje."

Loo! Siku hiyo watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Lubay akaona amwokoe. Akasema aliyemwaga maji ni Padri na aliyepokea mtoto ni yeye, kwa hiyo tangu leo wao ni ndugu wa ubatizo, na atamwita kumpare. Padri alikubali haraka, ili mambo yaishe.

Hinayan ikabaki. Kila alfajiri Lubay aliipiga kengele, akaipangusa kwa mafuta ya nazi, akaisimulia habari za kijiji, nani kazaa, nani kagombana na nani. Sumakil alikuwa mjini kwenye kiwanja chake, na kila alipokuja kuchukua kodi alimtania. Lubay akamjibu kwamba yeye angalau mtoto wake anafanya kazi, lakini kofia yake Sumakil inafanya nini?

Kisha siku ya sikukuu ya Palang vijana wa mjini, wamelewa tembo, waliipiga kengele yao kubwa kwa fujo mpaka ikapasuka. Mkuu hakuwa na subira ya kuagiza nyingine. Akaamuru ya Hinayan iteremshwe mjini. Na kwa kuwa Hinayan itakuwa haina kengele, basi watu wake nao washuke, na moto ufanye kazi yake. Padri alipinga, akaambiwa ashughulike na roho za watu.

Sumakil alikuja na askari. Vijana walikwenda ndani wakatoka na mapanga, na askari wakainua bunduki. Lubay akasimama katikati, miguu peku.

"Dada, usinitie aibu mbele ya watu," Sumakil alisema. "Mwanamke tasa unalilia kipande cha shaba?"

Watu wakamgeukia Lubay. Neno lile lilimchoma, na kila mtu aliliona likimchoma.

"Tasa ndiyo, Kaka," alisema. "Ndo' maana niliye naye simwachi aende peke yake." Akawageukia vijana. "Rudisheni mapanga. Mtoto kaitwa na mkubwa, kuna ubaya gani? Kunjeni mikeka, tumsindikize."

"Wote?" mtu akauliza.

"Ana ndugu wangapi? Wote."

"Na mchele tupakie?"

"Mchele wa nini? Tunakwenda ugenini."

Hapo ndipo watu walipoanza kuelewa. Kijana mmoja alicheka, mama yake akamfinya anyamaze. Hinayan nzima ikaingia mitumbwini, wazee kwa wagonjwa, watoto kwa majogoo, na kengele ikatangulia imefunikwa mkeka mpya. Sumakil alishukuru mambo kwenda salama, hakujua nini kinamngoja.

Walipofika Palang hawakwenda mchangani kwa watu wa Lambog. Walikwenda moja kwa moja nyumbani kwa mkuu, kwani mkuu ndiye aliyemwita mtoto. Walitandika mikeka barazani, uani na chini ya sakafu, maana nyumba ile ilisimama juu ya nguzo, wakakaa kwa adabu, wakatafuna tambuu. Mkuu akatoka akiwa na leso shingoni, mdomo wazi.

"Wanataka nini hawa?" alimuuliza Sumakil.

Sumakil akamtazama Lubay. "Dada, nakusihi."

"Mwambie tumemleta mtoto, na tunamshukuru kwa kutupokea."

Sumakil jasho likamtoka chini ya kofia. "Wanataka chakula cha mchana, Bwana Mkuu."

Mkuu akacheka, akasema hawapi hata punje. Lakini hakuna Mhispania aliyekuwa anapika pale. Mpishi alikuwa mtu wa mto huu, wapagazi wa mto huu, hata askari wa zamu walikuwa na mama zao wa ubatizo majumbani. Mpishi alipowaona wazee wa Hinayan wamekaa, wamemsindikiza mtoto, hawaombi, hawalalamiki, aliona aibu itamfuata mpaka kaburini. Akapakua. Kesho yake akapakua tena. Mkuu alipogundua, alimfokea, akaweka mwingine jikoni, na yule mwingine naye akapakua. Ghala la mchele wa askari likaanza kuonyesha sakafu. Na kule Hinayan mpunga ulikuwa umeiva, pamoja na ule wa kodi, ndege wanajilia, hakuna hata mtoto wa kuwatupia jiwe.

Mkuu akaapa atamtia Lubay miguu kwenye gogo la wafungwa. Akamtuma Padri ampe nafasi ya mwisho. Padri alimkuta barazani amefunga mtambo wake kwenye nguzo ya serikali, anafuma.

"Mama Potenciana," alisema, akaketi kwa shida. "Mkuu anataka nimwambie kama ninyi ni waasi au wajinga. Waasi wanafungwa. Wajinga wanasamehewa, lakini kengele inabaki hapa. Nimjibu nini?"

"Mjibu sisi ni wafiwa tukinyang'anywa, na wazazi tukirudishiwa."

"Hilo si jibu. Niambie ukweli, mimi ni kumpare wako. Hii ni hila, au kweli unaamini ile ni mtoto? Ni shaba, mwanangu. Shaba na maji kidogo."

Lubay aliacha kufuma. Wote waliokuwa karibu walisikia alichosema, maana hakupunguza sauti.

"Kabla hujaimwagia maji ilikuwa shaba. Mimi nilikupa kitu cha mama yangu, nikasimama nikaona kinapasuliwa, kwa sababu wewe uliniambia kinakwenda kuzaliwa upya. Nilikuamini. Sasa kama ni shaba tu, Padri, nirudishie upatu wangu."

Padri alitazama mikono yake, ileile iliyomwaga maji. Wanaosema macho yake yalilowa hawasemi uongo. Kisha akainuka, akapanda ngazi kwa mkuu. Watu hawakuielewa lugha, lakini kelele zilieleweka. Kitu kilianguka, mlango ulipigwa, na sauti ya Padri, mtu mpole yule wa jioni, ilikuwa juu ya ile ya mkuu. Ilikuwa mchana mweupe, na saa ya hasira yake ilikuwa imeshapita.

Alipotoka hakumtazama mtu. Alivua kofia, akakunja mikono ya kanzu, akainama, akaweka bega chini ya mti wa kubebea kengele.

"Mkuu kasemaje?" Sumakil akauliza.

"Kasema Palang itaagiza ya kwake. Shika upande huo."

"Mimi?"

"Una ndugu yako hapa au huna?"

Sumakil alitazama huku na huku. Akavua kofia yake, akaitafutia pa kuiweka, asipate, akaiacha chini. Wakainua, padri mbele na kabesa nyuma, wakayumba, na kijiji kizima kikapiga vigelegele mpaka mtoni. Lubay alikuwa ameshika ukingo wa kengele isigonge, machozi yanamtiririka, meno yake meusi yote nje kwa kicheko.

"Polepole na mwanangu, kumpare," alikuwa akisema. "Polepole."

Huko juu ndege walikuwa wamemaliza karibu mpunga wote. Mwaka ule Hinayan tulishindia magimbi asubuhi na jioni, na hakuna aliyenung'unika, kwa sababu yalitoka shambani kwetu.